Jua Linalochelewa Kuzama na Watoto wa Shule

Nikiulizwa ni kitu gani hubadilisha nyumba yenye watoto wa shule majira ya machipuko yanapoingia, sitataja maua wala joto. Nitataja saa ya jua kuzama. Nina watoto watatu wanaosoma: kifungua mimba amekwisha balehe, wa kati yuko katikati ya shule ya msingi, na kitinda mimba ndiyo kwanza amejua kusoma bila kufuatisha maneno kwa kidole. Kila mwaka baridi inapoachia, nyumba iliyokuwa imetulia huanza kuwa na ubishi usiku, uzito asubuhi, matope mlangoni na suruali zinazoishia juu ya vifundo vya miguu. Ukiyatazama mbalimbali, utadhani kila moja lina sababu yake. Mimi nimekuja kuamini kwamba mengi yake yanaletwa na nuru, na mzazi akilijua hilo hupungukiwa na ugomvi mwingi na watoto wasio na kosa.

Kwenye Ikweta, mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Mtoto akiambiwa giza likiingia arudi nyumbani, anarudi saa ile ile iwe Januari au Julai. Kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta, mambo hugeuka. Kwenye latitudo ya London, mchana mfupi kuliko yote wa Desemba haufiki saa 8, na ule mrefu kuliko yote wa Juni unapita saa 16 na nusu. Mabadiliko hayo hayaendi kwa mwendo mmoja. Huenda kasi zaidi machipuko yanapoanza, karibu na Machi 20 kwa walio kaskazini mwa dunia, na Septemba 22 au 23 kwa walio kusini. Siku hizo mchana hurefuka kwa takriban dakika nne kila siku, karibu nusu saa kwa wiki. Mtu mzima mwenye simu mfukoni na kazi za kumaliza anaweza asihisi. Mtoto anahisi.

Anahisi kwa macho kwanza. Jioni giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kwa usingizi. Mwanga ukiingia machoni, homoni hiyo huzuiwa. Hilo linawahusu watu wote, ila watoto linawagusa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano: saa moja ya mwanga mkali kabla ya kulala ilipunguza melatonini yao kwa karibu asilimia 88, na hata baada ya taa kuzimwa, kiwango hakikurudi haraka. Wangu wamepita umri huo, lakini hata watoto wa shule ya msingi wameonekana kuathirika kuliko watu wazima. Kwa hiyo kitinda mimba anaposimama mlangoni mwa chumba chake saa mbili usiku na kuniambia, “Mama, mbona unanilaza na jua bado lipo?” hanifanyii ukaidi. Anasema kile mwili wake unachomwambia. Kumkaripia ni kumkaripia kwa kuwa na macho yanayofanya kazi.

Tunachofanya ni kuuleta usiku ndani ya nyumba kabla haujafika nje. Mapazia mazito ya vyumba vya watoto hushushwa mapema, karibu saa moja kabla ya muda wa kulala, na taa ya katikati ya sebule huzimwa, ikabaki ile ndogo ya pembeni. Michezo ya kukimbizana huisha. Anayetaka kuoga anaoga, anayetaka kusomewa anasomewa. Simu na kompyuta huwekwa mezani kwa baba yao, pamoja na yangu. Hili la yangu nalitilia mkazo, kwa sababu watoto hawana muda na sheria inayomwacha mama nje. Baada ya siku kadhaa za utaratibu huu, maswali ya jua hupungua yenyewe. Hayaishi, lakini hayageuki tena kuwa vita.

Asubuhi tunafanya kinyume chake. Mapazia yanafunguliwa kabla sijamwamsha mtu, na chai inanywewa kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Mwanga wa asubuhi huiwahisha saa ya mwili, ikamfanya mtoto apate usingizi mapema zaidi jioni yake. Nimeona kwamba dakika za dirishani asubuhi zinasaidia kuliko maneno yote ya kuamsha niliyo nayo, na mtu akinitaka nimchagulie jambo moja tu la kuanza nalo, nitamwambia aanze na hili, kwa sababu halina gharama na halihitaji mtoto akubali kwanza.

Kisha kuna suala la saa za ukutani. Nchi nyingi za mbali na Ikweta hutanguliza saa mbele kwa saa moja machipuko yanapoanza. Ujerumani na Austria-Hungaria ndizo nchi za kwanza kufanya hivyo kitaifa, Aprili 30, 1916, vitani, ili kuokoa makaa ya mawe. Tangu hapo desturi hiyo imeenea, ikaachwa, ikarudi, na bado inabishaniwa. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kutaka ikome, lakini saa bado zinasogezwa. Kwa familia yenye watoto wa shule maana yake ni kwamba Jumatatu inayofuata mtoto anaamshwa saa moja kabla ya mwili wake kuwa tayari, na jioni ile ile jua linazama saa moja baadaye kuliko alivyozoea. Anapigwa pande zote mbili.

Sisi huanza kujiandaa siku chache kabla. Muda wa chakula cha jioni na wa kulala unawahishwa kwa robo saa, siku inayofuata robo nyingine, hadi saa nzima inatimia kabla ya Jumapili yenyewe ya kusogeza saa. Kwa mtoto wa shule ya msingi njia hii inafaa sana. Mwaka mmoja mwalimu wa wa kati aliniambia kwamba wiki ile darasa zima lilikuwa limelala isipokuwa wachache, nikafurahi kusikia kwamba wangu alikuwa miongoni mwa wachache. Tena wiki hiyo huwa sipangi jambo lolote zito: hakuna miadi ya daktari wa meno, hakuna wageni wa kulala, hakuna mazungumzo makubwa kuhusu matokeo ya shule. Yote hayo yanaweza kusubiri.

Kwa kifungua mimba hali ni tofauti, na hapa ndipo nilipolazimika kujifunza zaidi. Katika balehe saa ya mwili huanza kuchelewa. Mtafiti Mary Carskadon wa Marekani ameifanyia kazi mada hii kwa miongo mingi, na alichoonyesha ni kwamba kijana anayechelewa kupata usingizi hafanyi hivyo kwa simu na uzembe peke yake. Mwili wenyewe unachelewa. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani hupendekeza usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Sasa weka pamoja mwili unaochelewa, jua linalochelewa, saa iliyotangulizwa, na kengele ya shule isiyobadilika. Huyo binti atazipata wapi saa nane?

Tena kwa wengi waishio kaskazini mwa dunia, machipuko ndiyo majira ya mitihani mikubwa. Anaposema, “Mama, niache, usiku ndipo ninaposhika,” ana ukweli ndani yake, kwa maana kichwa chake kiko macho kweli saa hiyo. Nilichomwomba si kulala mapema kwa amri. Tuliketi, tukahesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuamka, akaona mwenyewe kinachobaki. Tukakubaliana kwamba masomo magumu yasogezwe alasiri, akishapumzika na kula, na usiku abakishe kurudia tu. Siku za mapumziko anaruhusiwa kulala zaidi asubuhi, ila si hadi adhuhuri, kwa sababu kulala hadi adhuhuri Jumapili hufanya usiku wa Jumapili usiwe na usingizi. Baba yake aliona nimelegea. Nilimjibu kwamba makubaliano ambayo mtoto ameyahesabu mwenyewe hudumu, na hadi sasa yamedumu.

Hiyo alasiri nayo ina habari yake. Majira ya baridi watoto wakirudi shuleni kazi ya nyumbani huja kwanza, maana nje ni giza. Machipuko tunageuza mpangilio: mkoba chini, kitu cha kutafuna, kisha nje, na kazi ya shule baadaye. Wazazi wenzangu wengine huniuliza kama huko si kuwazoesha kuahirisha. Jibu langu ni macho ya mtoto wa kati. Ana miwani ya kutoona mbali, na daktari wa macho ndiye aliyetuambia kwamba mwanga wa nje si anasa kwa mtoto.

Nilisoma zaidi baada ya hapo. Huko Guangzhou, China, watafiti waliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza, wakawafuatilia kwa miaka mitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopata tatizo la kutoona mbali katika shule hizo walikuwa asilimia 30.4, na katika shule zilizoendelea kama kawaida asilimia 39.5. Taiwan ilikwisha kuanza mpango wake mwaka 2010 wa kuzihimiza shule ziwatoe watoto nje kwa dakika 120 kwa siku. Inadhaniwa kwamba mwanga mkali huchochea kemikali iitwayo dopamini ndani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na dopamini hiyo hulizuia jicho lenyewe lisirefuke kupita kiasi. Ndani ya nyumba yenye taa nzuri huwa kuna mwanga wa mamia machache ya luksi, kipimo cha ukali wa mwanga. Nje, hata siku ya mawingu, ni maelfu. Hakuna taa ya mezani inayoweza kushindana na hilo. Kwa mtoto ambaye tayari haoni mbali faida haiko wazi kama kwa ambaye bado, ndiyo maana namhimiza zaidi kitinda mimba, ambaye macho yake bado ni mazima.

Hawahitaji mchezo maalumu. Mpira, kamba, baiskeli, au kukaa tu chini ya mti wakibishana. Ninachowaomba ni wawe nje.

Wakirudi, wanarudi na matope. Nimeweka sanduku la viatu nje ya mlango na kitambaa cha kufutia miguu ndani, na hapo mazungumzo ya matope yakaisha. Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kupe, ambao katika nchi nyingi za kaskazini huamka joto linapopanda na kungoja kwenye majani marefu. Kabla ya kuoga tunatazama nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele. Akipatikana, anashikwa kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, akavutwa taratibu moja kwa moja bila kuzungushwa, bila mafuta wala moto. Kupe wanaobeba ugonjwa wa Lyme kwa kawaida huhitaji kukaa mwilini zaidi ya siku nzima kabla ya kuuambukiza, hivyo ukaguzi wa kila jioni una maana. Wekundu unaotanuka siku za baadaye ni wa kupelekwa kwa daktari.

Chavua ni jambo jingine la msimu. Maua yanayopendeza macho mara nyingi hayana hatia, kwa kuwa chavua yake ni nzito na hubebwa na wadudu. Inayowasha macho na kuleta chafya ni ile ya miti na nyasi zinazotegemea upepo. Daktari Mwingereza Charles Blackley alithibitisha mwaka 1873, kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, kwamba chavua ndiyo chanzo cha mafua hayo. Kwetu aliyeathirika ni binti mkubwa, na kinachomsaidia, mbali na dawa aliyoandikiwa, ni kuosha nywele kabla ya kulala na kutoanika nguo zake nje. Nilimwandikia mwalimu wake mapema ajue kwamba macho mekundu ya msimu huu si kilio wala ugonjwa wa kuambukiza.

Nimetaja suruali fupi. Kwamba watoto hurefuka zaidi machipuko na kiangazi si hisia ya wazazi tu. Katika miaka ya 1880 Rasmus Malling-Hansen, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya watoto viziwi huko Copenhagen, aliwapima wanafunzi wake urefu na uzito kila siku, akaona kwamba urefu huongezeka kwa kasi zaidi kuanzia machipuko hadi kiangazi, na uzito huongezeka zaidi baadaye mwakani. Tangu nilipolijua hilo, sinunui viatu vya shule mwishoni mwa baridi. Nasubiri. Na kila mtoto ana alama yake ya penseli kwenye fremu ya mlango wa stoo, pamoja na tarehe, na wanagombania nani amempita nani kwa mwaka ule.

Wa kati hulalamika miguu usiku. Inauma yote miwili, kwenye mapaja na nyuma ya miguu, anakandwa, analala, na asubuhi anakimbia kama hakuna kilichotokea. Watu huyaita maumivu ya kukua, ingawa haijathibitishwa kwamba ukuaji wenyewe ndio unaoyaleta. Hayadhuru. Ila kama ungekuwa mguu mmoja tu unaouma kila siku, au uvimbe, homa, au mtoto anayechechemea asubuhi, nisingekanda, ningekwenda hospitali.

Kwa watoto wenyewe, nuru niliwaeleza kwa mbegu, kwa sababu maneno yalikuwa hayatoshi. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza jinsi walivyofunika ncha za miche michanga ya nyasi na kuona kwamba iliyofunikwa haikupinda kuelekea kwenye mwanga, ilhali iliyoachwa wazi ilipinda. Ncha ndiyo inayohisi, sehemu ya chini ndiyo inayopinda. Nilipenda kwamba ilikuwa kazi ya baba na mtoto. Tukaotesha ngano kwenye pamba yenye maji, ndani ya boksi lenye tundu upande mmoja. Kitinda mimba ndiye aliyetengeneza vikofia vidogo vya karatasi ya alumini, akavivika nusu ya miche, kazi iliyomchukua alasiri nzima ya utulivu ambao sijawahi kuuona kwake. Iliyokuwa wazi ikalala upande wa tundu. Yenye kofia ikabaki wima. Akaitazama sana, halafu akauliza, “Kwa hiyo na mimi pazia ndiyo kofia yangu?” Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ni hivyo hivyo. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayekwenda kulishusha pazia la chumba chake, na akichelewa, kaka yake humkumbusha.

Limebaki suala la kutembea hadi shuleni. Asubuhi zikishakuwa na mwanga, mtoto anaonekana barabarani, na ndiyo majira tunayochagua kumpa mtoto uhuru mpya wa njia. Tumeamua kwa tahadhari. Watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kukadiria sawasawa ujio wa gari linalokwenda zaidi ya kilomita 32 kwa saa. Uwezo wao wa kuona mwendo bado haujakomaa, na kuonywa hakuukomazi. Kwa hiyo njia ya wa kati tuliichagua kwa kigezo kimoja: avuke tu palipo na taa au mwangalizi wa kuvusha watoto, hata kama anazunguka. Tuliitembea naye mara nyingi, kwanza mimi nikiongoza, kisha yeye akiongoza na mimi nikinyamaza, kisha mimi nikiwa hatua kadhaa nyuma. Siku alipokwenda na rafiki yake bila mtu mzima, tulikubaliana na mama wa rafiki yake nani atampigia nani wakifika.

Kitinda mimba anataka aanze naye mwaka huu. Anadai kwamba kaka yake atamshika mkono, na kaka yake anasema atamshika hadi kona tu, marafiki wasije wakaona. Baba yao na mimi bado tunalizungumza. Mimi naelekea kukubali kwa upande wa kurudi tu, alasiri, magari yakiwa machache na mimi nikiwa nimefika nyumbani. Yeye anataka tungoje machipuko mengine.